Mgonjwa wa Jumamosi

Mshonaji alijibanza nyuma ya kibanda cha mchomelea mageti, mikono magotini, akihema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Mchomelea mageti aliinua kinga yake ya uso akamtazama.

"Mama, leo unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu. Namkimbilia," alisema, na hakuweza kuongeza neno.

Nyumba ya bibi ilikuwa palepale, ukikata kona tu. Jumamosi nyingine zote alikuwa akifika hoi, bibi akimsubiri ndani ya geti kwenye kiti cha plastiki. Leo alitaka afike kama mtu anayetoka dukani kununua chumvi. Alijifuta uso kwa pindo la fulana, akafunga mdomo, akajaribu kupumulia pua. Pua haikutosha. Mwili uliokaa kwenye cherehani tangu usichana haukubali kudanganya siku moja tu.

Mambo yalianzia kwa daktari. Presha ilikuwa juu, sukari nayo inabisha hodi, na daktari akamwambia achague: atembee mwenyewe, au siku moja abebwe. Mshonaji aliogopa sana. Mume alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika na kazi zao, na wa kumbeba hakuwepo. Mteja wake mmoja akampeleka kwenye kikundi cha mtaa, watu wanaokimbia kila Jumamosi asubuhi kutoka uwanja wa mpira. Lakini hawakimbii bure. Wanakimbia mpaka kwenye mtaro ulioziba wakauzibua, au zahanati wakabeba mchanga wa ujenzi, kisha wanarudi mbio walikotoka. Kocha, mwalimu wa michezo aliyestaafu akabaki na filimbi yake shingoni, alisema jasho la mtu mzima lisimwagike bila kumfaa jirani.

Tatizo ni kwamba Mshonaji alikuwa akifika wenzake wakikung'uta majembe. Walimbandika jina la Mama Nakuja, maana ndilo neno walilolisikia kutoka nyuma njia nzima. Alicheka nao, ila moyoni lilimchoma.

Ndipo Kocha akamtafutia kazi ya peke yake. "Kuna bibi anaishi mwenyewe upande wa pili wa reli. Kimbia mpaka kwake, kaa naye kidogo, urudi. Yule anahitaji mtu."

Mshonaji aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Wateja wakimletea nguo za haraka, aliwaambia bila kuulizwa, "Jumamosi msinitafute. Nina bibi yangu namsaidia."

Bibi mwenyewe alikuwa nesi enzi zake, mwembamba, mkavu, na ulimi wake haukuwa na likizo. Salamu ilikuwa haijaisha ameshamkamata kifundo cha mkono, anatazama saa na kuhesabu mapigo kimyakimya.

"Umekula maandazi."

"Moja tu, bibi."

"Hata mwizi husema ni mara moja tu. Haya, kaa chini, nyoosha miguu."

Mshonaji alikaa, akanyoosha. Aliona ni vituko vya uzee tu; mtu mpweke ukimwachia akuamrishe kidogo, damu inamchangamka. Alirudi nyumbani akijisifu kwa uvumilivu wake.

Hivyo ndivyo alivyoamini hadi katikati ya wiki hii, mtoto wa kiume wa bibi alipokuja kibarazani kwake. Alikuwa mtu mzima, mvi zinamchungulia kidevuni, na uso wa mtu asiyelala vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Suruali?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili ya mama yangu." Akakaa kwenye benchi la wateja. "Ameanguka tena bafuni. Alilala sakafuni mpaka jirani alipomsikia. Nimemwandalia chumba kwangu mjini, mke wangu anamtaka, wajukuu ndio usiseme. Anakataa."

"Kisa?"

"Anasema hawezi kuondoka, ana mgonjwa."

"Mgonjwa gani tena?"

Yule bwana akatazama viatu vyake. "Ni wewe, mama. Anasema Kocha alimwomba akusimamie, kwa sababu ya presha yako. Akiondoka, eti utaacha mazoezi na utakufa."

Mguu wa Mshonaji uliganda juu ya pedeli. Kwanza alimtukana Kocha kimoyomoyo, tusi zima zima. Kisha aliwakumbuka wateja wote aliowatangazia habari za bibi yake, akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwisho akamwona bibi sakafuni, shavu kwenye saruji yenye maji, akiita. Hapo aibu yake ikawa kitu kidogo.

"Unataka nifanye nini?"

"Jumamosi nitakuja na gari nijaribu tena. Mwonyeshe kwamba umepona."

Siku zilizofuata alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akashona vilevile. Hakutaka bibi aondoke, huo ndio ukweli. Tangu amzike mumewe, hakuna mtu mwingine aliyewahi kumshika mkono kwa muda mrefu vile, hata kama ni kwa kuhesabu mapigo.

Sasa, nyuma ya kibanda, alipiga moyo konde, akakata kona mbio, kichwa juu. Gari la yule mwana lilikuwa limeegeshwa ukutani, naye amesimama kando yake akijifanya anakagua tairi.

"Umewahi," alisema bibi kwenye kiti chake.

"Nimepona, bibi. Siku hizi naona njia imekuwa fupi." Alisema yote kwa pumzi moja, kwa sababu nyingine hakuwa nayo.

Bibi akanyoosha mkono. Mshonaji akauficha wake nyuma, kisha, kwa kuwa mkubwa hakataliwi, akautoa. Bibi alihesabu. Alihesabu muda mrefu kuliko kawaida.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Ulipumzikia wapi?"

"Kwa mchomelea mageti."

"Nani kakutuma? Yule pale kwenye tairi?"

Mshonaji akakaa chini kwenye saruji bila kuamriwa. "Bibi, tumechezewa. Kocha alinituma mimi nikusaidie wewe."

"Mimi!" Bibi alishika mikono ya kiti. "Unisaidie mimi? Kwa mapafu gani?"

"Ndivyo alivyosema. Kwamba unahitaji mtu."

Walitazamana. Bibi ndiye aliyeanza, kicheko chembamba kilichompanda kama kwikwi, na Mshonaji akafuata, wakacheka mpaka mwana akaacha tairi akasogea kuona kumezuka nini. Bibi alimpungia mkono aende zake.

Kicheko kilipowaishia, bibi alimwuliza taratibu, "Nikiondoka, utaacha kukimbia?"

Jibu alilolifanyia mazoezi wiki nzima lilikuwa tayari mdomoni. Mshonaji alilimeza.

"Sijui, bibi. Huenda nikaacha. Naogopa. Lakini nikija siku moja nikakuta kiti kitupu na maji yanamwagika bafuni, je? Hilo naliogopa zaidi."

Bibi alivuta khanga begani, akaangalia mlango wa nyumba yake uliokuwa wazi, korido, na mwisho wa korido.

"Na mimi naliogopa bafu lile," alisema. "Siku hizi nanawa uso tu." Mwanawe alimsikia, akageuza uso upande wa barabara.

Begi lilikuwa limefungwa tangu jana yake. Kumbe bibi naye alikuwa akijibishana na nafsi yake. Walimshika huku na huku, wakamketisha kiti cha mbele. Mshonaji alifunga mlango wa gari, akabaki ameweka kiganja kwenye kioo, asijue watu husema nini.

"Unasimama nini?" bibi alimkaripia. "Moyo utapoa. Rudi nyumbani kwa mbio kama kawaida. Tangulia, sisi tunakufuata. Nataka nikuone kwa nyuma, sijawahi kukuona unavyokimbia."

Basi akatangulia. Gari likamfuata taratibu, na watu wakatoka vibarazani kushangaa mama wa makamo anayekimbizwa na gari lisilotaka kumpita. Mchomelea mageti alipiga nondo yake kwa nyundo kumshangilia. Bibi alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Legeza mabega! Umeyapandisha mpaka masikioni! Usigeuke, utajikwaa!"

Hakugeuka. Walivuka reli, wakafika barabara kuu, ambapo njia ya mjini hukata kulia na ya kwake huendelea mbele. Alisikia gari likipunguza mwendo, likisita, likikata. Sauti ya bibi ilikuwa bado inasema kitu, kisha lori likapita kati yao, na ilipokwisha ngurumo ya lori hakukuwa na sauti tena.

Barabara ilikuwa tupu mbele yake. Mshonaji aliendelea kukimbia, machozi na jasho havitofautiki, akashusha mabega.