Sifuri ya Kisima

Mashine ya kupimia maji iliharibika Jumatatu, na fundi hakuonekana. Kwa hiyo Papy, mpimaji wa ofisi ya maji, aliyekwenda kuchota maji ya kisima kipya njia ya mgodi wa Shinkolobwe, alirudi Likasi na chupa zake, akaiacha wazi kwenye fomu nafasi ya urani, sumu ya mgodini. Hakupima, hakuandika. Mtu mwaminifu, Papy, na uaminifu wake ndio ulioleta kizaazaa.

Maana programu ya kompyuta ya ofisi haikujua nafasi wazi ni kitu gani. Ilipokea kila jibu kama maandishi, ikaligeuza kuwa nambari. Pasipo na maandishi ilitia sifuri. Sifuri ya sumu ni rangi ya kijani, na kijani ni ruhusa: Jumapili, baada ya misa, padri abariki pompe, yaani pampu ya kisima, watoto wanywe.

Fidélie, mwanaprogramu wa ofisi ile, alipoona kijani hicho alipandwa na hasira. Sifuri! Nani kaipata wapi? Asiyebisha hodi atajuaje kwamba nyumba haina watu? Akaifungua ile sehemu ya kugeuza, akaiandika upya: pengo libaki pengo, na kila nambari itakayotiwa kwa mkono idai jina la aliyepima. Kisima kikawa kijivu, rangi ya kisichopimwa, na ripoti nzima ikakwama.

Mkubwa wake, Germain, akaja mbio.

"Mama Fidélie, bakubwa ba Kinshasa banangoja ripoti. Tia sifuri, tumalize."

"Hapana, chef. Sifuri ni kusema tulipima, tukakuta hamuna kitu. Hatukupimaka."

"Ni conversion tu, kugeuza nambari!"

"Ni batoto ba bantu."

Germain akasihi, kisha akatisha: kazi kama hii Likasi ataipata wapi tena? Fidélie alilijua hilo kuliko yeye, maana nyumba nzima ilimtegemea. Aliogopa, tena sana. Lakini liwalo na liwe. Akasimama, akamwachia kiti.

Germain akakaa, akapiga sifuri. Kioo kikauliza: Nani alipima? Jina lake mwenyewe hakuthubutu kuliandika, wala la Papy, aliyesimama mlangoni akimkodolea macho. Akaandika Fidélie, mwenye jina akiona kutoka nyuma ya kiti. Kisima kikarudi kijani, ripoti ikaenda.

"Tumemaliza," alisema bila kumtazama.

Fidélie alitoa simu, akampigia mama Henriette, msimamizi wa pompe kule kijijini, akafungua kipaza sauti ili Germain asikie kila neno.

"Mama Henriette, mufunge pompe na kadena, ufunguo ubaki kwako, muntu asinywe. Batakuletea karatasi inasema mayi iko muzuri, na chini yake utaona jina yangu. Ni miye Fidélie ninakuambia: miye sikupimaka, na hakuna muntu alipima."