Taabu ya Kiwanja

Mleta piza alipiga simu mara ya tatu. Sista Verlene Mabry akaacha kupanga sahani za karatasi katika ukumbi wa chini wa kanisa, akamwelekeza upya: ingia Mtaa wa Tamarack, pita kona, ukiona nyumba za watu tu usikate tamaa, endelea.

"Mama, kanisa silioni," mleta piza alisema. "Naona nyumba na mti."

"Nyuma ya huo mti, mwanangu. Sisi ndio tuko nyuma ya mti."

Piza zilifika zimepoa. Zikapashwa moto, zikaliwa, na hakuna aliyenung'unika, maana Kanisa la Mlima Gileadi, katika mji wa Brannock, Ohio, limezoea kutafutwa bila kuonekana. Februari iliyopita lilitafutwa na gari la wagonjwa. Dikoni Lemuel, mume wa Verlene, alianguka katikati ya wimbo. Watu wote walikisikia king'ora kikikaribia, kikienda mbali, kikikaribia tena, kikizunguka nyumba za watu. Gari lilipolipata kanisa, Lemuel alikuwa amekwisha kufunikwa koti la mkewe.

Ndipo Verlene alipoomba kibao kirefu chenye taa, cha kuonekana tangu barabara kuu. Katika eneo la makazi, sheria ya mji inaliruhusu kanisa kibao cha futi mbili za mraba kisicho na taa, yaani sinia ya chai. Anayetaka zaidi huenda mbele ya Baraza la Rufaa kuomba alegezewe, na lazima athibitishe taabu. Si taabu yake, la. Taabu iwe ya kiwanja chenyewe. Kufiwa na mume ni taabu ya mtu, nayo haihesabiwi.

Jioni ya kikao, mwenyekiti, Bwana Whitcomb, alimpa Verlene dakika tatu. Verlene akasimulia habari za Lemuel na king'ora.

"Pole sana, bibi," Whitcomb alisema. "Tumeguswa kweli. Lakini hiyo ni taabu yako. Kiwanja kina taabu gani?"

"Kiulizeni chenyewe. Si hiki hapa?"

Kiwanja kilikuwa kimekaa kiti cha pembeni yake, na nyasi zake. Kilikuwa kimeingia kwa mlango wa viti vya magurudumu, kwa kuwa ngazi zingekimwaga. Mlinzi alikipekua, akakuta jiwe, akalihifadhi mezani hadi kikao kiishe. Mwenyekiti alikikumbusha kwamba nacho kina dakika tatu kama kila mtu.

"Nilikuwa shamba la mahindi," kiwanja kilisema kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Hawa walininunua kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuwauzia. Mtaa ulikuwa umenyooka. Ungesimama barabara kuu ukauona mlango wa kanisa. Halafu nyumba zikajengwa, na wenye nyumba hawakutaka kuwaona watu weusi wakitoka ibadani Jumapili. Mji ukaupinda mtaa. Ukapanda mti kwenye kona, na mizizi yake iko mbavuni mwangu hadi leo. Taabu yangu ndiyo hiyo."

Bi Hostetler, mwenye nyumba ya pale kwenye kona, aliomba kusema. "Mimi sina ubaya na mtu. Nawapenda, wanaimba vizuri mno. Ila hiyo taa itaniingilia chumbani."

"Jirani," kiwanja kilimwambia, "siku ile king'ora hukukisikia?"

"Nilikisikia. Nikafunga dirisha."

Whitcomb alimshukuru, akakishukuru na kiwanja. Baraza lilikubali ushahidi wote. Ramani za zamani zililetwa, na kweli mtaa ulipindwa makusudi. "Ila kanisa halikuweka pingamizi ndani ya siku thelathini tangu mtaa upindwe," alisema.

"Enzi hizo hatukuruhusiwa kukanyaga ukumbi huu," Verlene alisema.

"Naelewa, bibi. Lakini hamkuweka."

Kwa hiyo taabu ilikuwa ya kujitakia, na taabu ya kujitakia hailegezewi sheria. Nasi tuna methali yetu, msiba wa kujitakia hauna kilio. Ni methali ya kweli, ila haikutungwa ili mwizi amsomee aliyeibiwa. Ninasimulia taratibu, lakini msidhani nimepoa, meno nimeyauma. Wajumbe wote walikataa, mlinzi akarudisha jiwe, na Verlene akakirudisha kiwanja nyumbani kwenye kiti cha nyuma cha gari, kimefungwa mkanda.

Jumapili iliyofuata Verlene alisimama penye kona ya kiwanja, akanyoosha mikono ili wageni wamwone. Udongo ukapanda taratibu chini ya viatu vyake, ukamwinua hadi akaupita mti. Waumini walimsalimia wakaingia ibadani. Bi Hostetler alipiga simu, na mkaguzi wa mji, jina lake Randy, akaja na tepu na ngazi.

"Kilima hakina neno," Randy alisema alipomaliza kupima. "Vilima havimo kwenye sheria. Tatizo ni wewe, Sista. Ukinyoosha mikono miwili unakuwa kibao kilichozidi kipimo."

"Na mmoja?"

"Mmoja unaingia."

"Na kichwa je, nikakiache nyumbani?"

Randy alikipima kichwa. "Kichwa hakina shida."

Basi Verlene akawa anasimama kila Jumapili juu ya kilima, mkono mmoja juu. Watu wa barabara kuu walimzoea. Walimwita bibi wa salamu, wakampigia honi, wakawainua watoto wao madirishani wampungie.

Mwezi wa Mei, Bibi Earline wa kwaya alianguka katikati ya sala. Simu ilipigwa mara moja. Verlene alikuwa kilimani aliposikia king'ora, akaliona gari la wagonjwa likija kwa kasi. Sheria akaitupa huko. Alinyoosha mikono yote miwili, akaipunga, akapiga kelele hadi sauti ikamkauka.

Dereva alikuwa anatafuta kanisa, na kanisa hakuliona. Alimwona bibi wa salamu, akafurahi kwamba leo amechangamka kuliko siku zote, akampungia, akapita.