Laini ya Mabomba

Mtu asinifundishe uvumilivu. Nimekaa kwenye swichibodi ya idara ya maji ujana wangu wote, nimetukanwa na watu ambao sura zao sizijui, na kila mmoja nilimjibu, "Samahani sana mteja, naomba usubiri nikuunganishe." Mtu anakuita mwizi asubuhi asubuhi, hujanywa hata chai, na wewe unamwita mpendwa mteja. Kama huo si uvumilivu, basi sijui ni nini.

Tulikuwa wawili, mimi na Mama Pacha. Chumba chetu kilikuwa cha nyuma, dirisha moja linatazama ukuta, meza mbili zimegusana, na visikizi vya masikioni ambavyo sponji zake zilikwisha tukazishonea vitambaa. Mimi nilishika laini ya mabomba: bomba limepasuka, maji hayatoki, maji yanatoka na tope. Yeye alishika laini ya ankara, yaani wale wanaolia kwamba bili imewazidi kimo. Mshahara wetu ulikuwa mwembamba, tulikuwa tukicheka kwamba hata upepo wa feni unaweza kuupeperusha. Lakini ulikuja na kadi ya bima, na kadi hiyo ndiyo iliyompatia mama yangu dawa za moyo. Kwa hiyo nikitukanwa nilimeza. Mama Pacha naye alimeza kwa ajili ya wale pacha wake, maana baba yao alishaingia mitini zamani.

Basi siku moja meneja akaingia. Tulimwita Tathmini, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Hata ukimsalimia, atakwambia anafanya tathmini ya hali.

"Akina mama," akasema, "simu zinapungua. Watu siku hizi wanatuma ujumbe kwa simu zao za mkononi. Hatuwezi kulipa watu wawili wa kukaa tu. Mwisho wa robo mwaka tutaangalia kila laini imepokea simu ngapi. Yenye chache tunaifunga."

"Na mtu wake?" nikauliza.

"Tutafanya tathmini."

Alipotoka, Mama Pacha akanishika mkono. "Mwenzangu, tusije tukakosana kwa ajili ya huyu. Tuache ziingie zinavyoingia. Atakayebaki atamsaidia mwenzake." Nikasema haya, nami nilimaanisha. Tunaambiwa kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anakung'uta nguo zake kila siku? Nilimwamini.

Haukupita muda, laini ya ankara ikaanza kulia bila kupumua. Yangu kimya. Nikadhani labda bili zimepandishwa. Siku moja Mama Pacha akaenda chooni, taa ya laini yake ikawaka, nikaipokea, kama tulivyozoea kusaidiana.

"Idara ya maji, habari za asubuhi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, mdomo umejaa chakula. "Dada, hii ya saba. Niendelee, au niende sokoni kwanza?"

Nilimjua. Alikuwa mdogo wake Mama Pacha, yule aliyewahi kuja kazini kuazima mwavuli na hajaurudisha mpaka leo. Nikamwambia, "Nenda sokoni mama, pumzika," nikakata.

Loh! Nilihisi kifua kinawaka. Mwenzangu aliporudi akaniuliza kama kuna aliyepiga. "Mteja mmoja," nikasema, "ana shida ya ankara." Akatikisa kichwa kwa huruma, eti masikini. Mnafiki mkubwa!

Dawa ya moto ni moto. Jioni hiyohiyo nikawakalisha ndugu zangu chini. Namba ya idara ni ya bure, haikati hata senti, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kisingizio.

"Sasa mimi nitasema nini, mwanangu," mama akauliza, "na maji yanatoka?"

"Sema hayatoki."

"Nimdanganye nani, Mungu?"

"Unanidanganya mimi, mama. Na mimi nimeshakusamehe."

Mjomba ndiye aliyeipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alikuwa amestaafu, hana la kufanya kutwa nzima. Alipiga, "Halo, huku kwetu bomba limepasuka, kuna bwawa, bata wa jirani wamekwishahamia!" Nami kwa adabu zote, "Pole sana mteja, nimepokea taarifa yako," huku Mama Pacha ananitazama kwa pembe ya jicho. Wifi yangu alipiga kunisimulia visa vya kaka yangu, nami namjibu, "Tatizo hilo ni la muda mrefu, mteja." Mama, masikini, uongo ulimshinda. Alikuwa akipiga na kuuliza kama nimekula.

Mama Pacha si mjinga. Alielewa, akaongeza jeshi: shangazi, majirani, wenzake wa kikundi cha akiba. Hakuna aliyetamka neno. Tulikaa meza zimegusana, tukipokea jamaa zetu kutwa, koo zimekauka, na wateja wa kweli wanasubiri mpaka wanachoka. Zamani tulikuwa na chupa moja ya chai. Sasa kila mmoja akaja na yake, na yangu niliiweka upande wa ukutani asije akaomba.

Robo mwaka ikaisha, Tathmini akatuita ofisini kwake. Nikakuta ametuwekea soda mezani. Nilipoziona zile soda nikajua kuna msiba.

"Nawapongeza," akasema. "Simu zimekuwa maradufu, laini zote mbili. Bodi imeshangaa."

Nilimtazama Mama Pacha, naye akanitazama. Tulikaribia kutabasamu.

"Na ndiyo maana bodi imeona kwamba watu wawili hawatauweza mzigo huu. Tunaleta mtambo. Unajibu wenyewe, mteja anabonyeza moja, anabonyeza mbili. Mkataba tunasaini Ijumaa. Nyinyi mtapewa kiinua mgongo chenu, mkapumzike."

Kupumzika! Nani alimwambia tumechoka? Wahenga wamesema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Sisi tulikuwa nyasi tupu, tukapigana wenyewe kwa wenyewe, fahali akapita akatula wote. Nikawaza haraka. Nikinyamaza, napata kiinua mgongo, lakini kazi imekwenda na bima ya mama imekwenda nayo. Nikisema kweli, mkataba bado haujasainiwa, huenda wakaona mtambo hauna kazi. Mtu mmoja akisema ataonekana kichaa, ila tukisema wawili lazima atusikilize. Nikamkonyeza Mama Pacha. Naye, naapa, aliinamisha kichwa kukubali.

"Bwana meneja," nikasema, "zile simu si za wateja. Ni mama yangu, mjomba wangu na wifi yangu. Na za laini ya ankara ni ndugu zake huyu. Wateja ni walewale wa siku zote, sisi tunawatosha. Mweleze, Mama Pacha."

Mama Pacha akainua soda yake, akanywa funda, akairudisha mezani taratibu.

"Mimi sijui anachosema huyu dada, bosi," akasema. "Wangu walikuwa wateja."

Huyu dada! Mimi niliyemshikia laini yake alipokwenda kujifungua, nikawapeleka pacha wake kliniki mmoja mgongoni mmoja kifuani! Nilifungua mdomo nimtukane. Nimesikia matusi yote ya mji huu kwa sikio langu la kulia na la kushoto, na siku hiyo sikupata hata moja lililotosha.

Tathmini akasema kudanganya ofisi ni kosa kubwa, na aliyelikiri amejifukuza mwenyewe, kiinua mgongo hana. Nikamuuliza, na mtambo? Akasema bodi ikishaamua imeamua. Mdomo huponza kichwa, mama amenionya tangu nikiwa mdogo.

Mama Pacha akanikimbilia kwenye korido. "Mwenzangu, nina watoto wawili—"

"Na mimi nina mama mmoja!" nikamwambia, nikashuka ngazi.

Baada ya hapo nilizunguka ofisi mpaka soli zikaisha. Kila pahali wananiuliza nina ujuzi gani, nasema kupokea simu, wanatazamana. Binti mmoja wa usaili, umri wa kumzaa kabisa, akaniambia kwa upole, "Mama, kazi hiyo siku hizi haipo." Nikamshukuru. Hata siku hiyo niliongea vizuri, kwa sauti ileile ya kazini, na nilijichukia. Nyumbani mama akaanza kukata vidonge vyake nusu kwa kisu cha jikoni. Alidhani simwoni.

Jumapili moja mchana mlango ukagongwa. Mama Pacha alikuwa amesimama nje, amekonda, ameshika bahasha kwa mikono miwili.

"Wamenilipa," akasema. "Nimegawa katikati. Nusu yako hii."

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya siku hiyo tangu nilipofukuzwa, usiku nikiyarudia kitandani. Badala yake nilinyoosha mkono. Niliichukua ile bahasha. Nikaifungua palepale mlangoni, nikazihesabu noti mbele ya macho yake, moja moja, makusudi, aone kwamba simwamini. Alisimama akaniangalia nikihesabu, machozi yanamtoka. Zilikuwa kamili.

"Asante," nikasema.

Hakuondoka. Alikuwa akisubiri neno karibu.

"Nani huyo?" mama akaita kutoka ndani.

"Hakuna mtu, mama," nikajibu, nikafunga mlango.

Nikavaa viatu niende duka la dawa kabla halijafungwa, lakini sikusikia nyayo zake zikienda. Basi nikakaa pale nyuma ya mlango, bahasha mkononi, nikimsubiri aondoke.