Mashine Iliyogoma Kulaza

Hospitali nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kulaza wagonjwa kabla ya kisu, wakimwita Nusukaputi. Mashine yake ilikuwa kizee: kopo la dawa, mpira wa kupulizia, bomba, basi. Haikutaka umeme wala nini. Mgonjwa anavuta pumzi, hewa inapita kwenye dawa, mara anakoroma.

Ikaja mpya, ya msaada. Kubwa kama kabati, kioo kinawaka mpaka raha. Mganga mkuu akaamuru kizee kiuzwe kwa watu wa vyuma chakavu, kikabebwa siku ile ile, na sindano za usingizi, zilizokuwa zimekwisha, zisiagizwe tena.

"Umepewa gari, bado unamng'ang'ania punda?" akamwambia Nusukaputi mbele ya manesi.

Manesi wakacheka. Nusukaputi naye akacheka, bosi akitania utafanyaje. Hakusema kwamba mashine yenyewe hajaijaribu.

Kesho yake akaletwa mdogo wake wa kike, utumbo umetoboka, tumbo gumu kama ubao.

"Kaka, nitasikia?"

"Husikii kitu. Utaamka umeshashonwa."

Akaiwasha. Ikapiga kelele. Akazima, akawasha, kelele zile zile. Kumbe dude lile linataka oksijeni ya kusukumwa kwa nguvu, itoke ukutani kwa bomba. Ukuta wa pale ulikuwa unatoa rangi tu, tena kwa kubanduka. Kimtambo chao cha kukusanya oksijeni hewani kilipumua kama mwenye pumu, mashine ikakikataa katakata.

"Gari la wagonjwa limwahishe kwingine," akasema Nusukaputi.

"Limekwenda kumpokea mgeni wa kuizindua mashine," nesi akasema.

"Akingoja anakufa," akasema daktari wa kupasua. "Una nini hapo?"

"Ganzi ya kung'olea meno."

Mganga mkuu alikuwa kasimama mlangoni, mikono mfukoni. "Mchome hiyo hiyo. Na wewe si kaka mtu? Mshike. Damu nzito kuliko dawa."

Akamshika mabega, manesi wakashika miguu. Ganzi iliishia kwenye ngozi, huko ndani haikufika. Dada wa watu akamng'ata kaka yake kiganja, akamtukana, akamwita mama yao ambaye keshazikwa, halafu akawa hana wa kumwita. Miaka yote hiyo Nusukaputi alikuwa akiwaona watu wamelala tu. Hakuwa amewahi kujua alikuwa akiwaepusha na nini.

Dada akapona, ndiyo. Mgeni akaja, mganga mkuu akapiga picha ameegemea mashine kama mtu na mchumba wake.

Nusukaputi akapeleka uji wodini. Mdogo wake akageukia ukutani, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili: "Mama, mwambie huyo bwana akatafute ndugu yake kwingine."

Yule mama akamtazama Nusukaputi, kasimama pale pale na bakuli lake.

"Baba, umesikia mwenyewe, au nirudie?"