Gari Lililomchukua Baba

Mshona nguo alikuwa na picha moja tu ya baba yake, na hata hiyo haikuonyesha uso. Mpiga picha wa mtaani alikuwa akimpiga picha mteja mlangoni. Nyuma ya mteja, ng'ambo ya barabara, likaingia pichani gari jeusi lililoonekana nyuma tu, na mwanamume aliyeinama kuingia, mguu mmoja bado uko nje. Huyo ndiye baba. Alikuwa mtu wa kusema hadharani yale ambayo wenzake waliyanong'ona kuhusu serikali. Tangu siku hiyo hakurudi, na kaburi lake halijulikani.

Mshona nguo alikuwa hata shule hajaanza. Sasa alikuwa na mvi, na bado alitaka kujua jambo moja tu kabla hajafa: gari lile lilikuwa la nani. Aliwaonyesha wapenda magari ya zamani, na jamani, watu wale wanavyobishana! Mmoja alilitambua kwa buti, mwenzake akamcheka: kama ni hilo, basi milango hii ya gari jingine imetoka wapi? Hata baba yake mdogo, aliyemlea baada ya mama kufa kwa majonzi, fundi bodi wa magari aliyezeekea kazini, aliitazama picha mara moja akairudisha.

"Silijui, mwanangu. Achana nalo, litakutia wazimu."

Akaachana nalo kweli, mpaka siku alipopeleka vitambaa vya viti kwenye gereji moja na kumkuta mzee mpaka rangi, mwenzake wa zamani wa baba mdogo, aliyekuwa amehamia mbali akarudi juzi juzi. Picha ilikuwa mkobani kama kawaida. Akaitoa bila matumaini.

Mzee alivaa miwani, akapiga ukelele wa furaha.

"Loo! Hili! Wasikudanganye, binti yangu, hili halina jina. Yalikuwa magari mawili yaliyopata ajali. Tukachukua nyuma ya moja na mbele ya jingine, tukachomelea hapa. Unauona huu mshono chini ya dirisha? Mbele huku hakuonekani, lakini taa moja tuliikosa, tukabandika ya lori upande wa kulia. Lilikuwa na chongo, maskini! Duniani lilikuwa moja tu."

"La nani?"

"La baba yako mdogo, la nani tena! Hajakusimulia? Alivyokuwa akiringa nalo, yule!"

Mzee aliendelea kucheka peke yake. Mshona nguo alishukuru, akatoka, hata malipo yake akayasahau.

Njiani alimtetea baba mdogo kwa nguvu zake zote. Labda alikuwa ameshaliuza. Labda macho yalimdanganya yule mpaka rangi. Mtu aliyemfundisha kusoma, aliyemuuguza surua, aliyelia kuliko mama mzazi siku ya harusi yake! Alimpenda baba mdogo, na aliogopa kufika nyumbani.

Alimkuta mezani akinywa chai. Akakaa mbele yake, akauliza kama mtu anayeulizia habari za mvua.

"Baba mdogo, lile gari lako lenye taa ya lori upande wa kushoto, ulimuuzia nani?"

"Kulia," akasema mzee, hata kichwa hakuinua. "Taa ya lori ilikuwa kulia. Na sikuliuza, nililikatakata mwenyewe."

Ufundi ulikuwa umemtangulia mdomoni. Kikombe kilisimama njiani, kikarudi mezani taratibu. Mshona nguo akaiweka picha kando yake.

"Miaka yote nimejiuliza kwa nini hakuna aliyemshika mkono hapa. Kwa nini hakupiga kelele, mchana kweupe, mtaani kwake."

Mzee aliitazama picha, safari hii kwa muda mrefu.

"Waliniambia watamuuliza maswali tu. Waliijua nyumba yangu, walijua watoto wangu wanalala chumba gani. Na walijua kaka hawezi kupanda gari la mtu asiyemjua."

"Kwa hiyo aliingia mwenyewe."

"Aliingia mwenyewe," akasema baba mdogo. "Aliingia akicheka. Alikuwa akinitania kuhusu ile taa."