Siku ya Kujaza Maji

Fu Chongde, babu yake Mzee Fu, alifundisha watoto wa mji wa Jimo kusoma na kuandika kwa miaka thelathini na mmoja, na wazee wa huko walikuwa wakisimama wanapomwona anapita. Fu Yanbo, baba yake, alikuwa mtunza saa katika stesheni ya reli ya Qingdao. Treni ikichelewa dakika mbili aliandika mbili, hata kama mkubwa wake amesimama nyuma yake akikohoa. Kutokana na watu hao akatoka Fu Jingzhai, mwalimu wa jiometri kwa miaka thelathini na minane, na tangu alipostaafu, mkuu wa ngazi ya pili, yaani msimamizi wa kaya zote zinazopandia ngazi hiyo, katika jengo kongwe la ghorofa sita lililo ubavuni mwa kilima mjini Qingdao. Jina la ukoo huo halikuwahi kutajwa kwa ubaya mbele za watu, na Mzee Fu alilikumbuka jambo hilo kila asubuhi alipokuwa akifunga vifungo vya koti lake, cha kooni kikiwamo.

Mwaka huo, jina hilo aliliweka rehani kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakuweza hata kulitamka sawasawa.

Chanzo kilikuwa maji. Joto la majumbani, linaloletwa na maji moto ya mabomba wakati wa baridi, hufunguliwa katikati ya Novemba, na siku kumi kabla yake mabomba yote ya jengo hujazwa maji ili yapimwe. Siku hiyo kila nyumba hubaki na mtu. Mtu huyo hashoni wala halali. Huzunguka na kitambaa kikavu, akigusa kila kiungo cha bomba na kila chuma cha joto kilicho chini ya dirisha, na pakivuja hufunga koki. Wenyeji hulijua hili tangu utotoni. Lakini mwaka uliotangulia, mgeni mmoja mpiga fidla aliyepanga nyumba namba 401 alilikuta tangazo mlangoni, akadhani ni la wauza mapazia, akaenda zake mazoezini. Maji yakashuka hadi 301, kwa Mama Luan, yakalowesha mifarishi sita ya pamba aliyokuwa ameishona kwa mkono kwa ajili ya harusi ya binti yake.

Mpiga fidla alihama kwa aibu. Mama Luan hakusahau.

"Mimi siwachukii wageni," aliwaambia wakazi katika mkutano wa uani, mwanzoni mwa Novemba. "Wananisalimia vizuri, hata mzigo wananibebea. Lakini mimi sitalala na mwavuli kitandani! Nataka tupige kura: ngazi hii isipangishwe mgeni tena, na waliopo waondoke."

Waliopo walikuwa kaya tatu. Mmoja wao, Farrukh, kijana wa Samarkand aliyekuwa akisomea mikondo ya bahari, sasa ndiye aliyepanga ile 401, pamoja na mkewe Nilufar na mtoto wao wa miezi minne. Alisimama nyuma ya wote, kofia mkononi, akisikiliza watu wakijadili kama atakuwa na paa wakati wa theluji au hatakuwa nalo.

Mzee Fu akanyanyuka. Utepe mwekundu wa ukuu wa ngazi ulikuwa mkononi mwake, umenyooka kama umepigwa pasi, na ulikuwa umepigwa pasi kweli.

"Kura ipigwe," alisema, "ila ipigwe siku yenyewe ya kujaza maji, saa tisa alasiri, baada ya mabomba kusema yao. Nyumba ya mgeni ikivuja na hamna mtu ndani, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono wafukuzwe. Na nyumba yoyote itakayovuja bila mtu, jina la mwenyewe litaandikwa kwenye ubao wa langoni, lisomwe na wapita njia."

"Umesema mwenyewe, Mwalimu," Mama Luan alijibu. "Na masikio yapo mengi hapa."

Jioni hiyo Mzee Fu alimwita mjukuu wake Lanxi, ambaye kila Alhamisi alitayarisha ukurasa wa wageni katika gazeti la jiji, kwa Kiingereza na Kirusi.

"Alhamisi hii umewawekea nini?"

"Mkahawa mpya karibu na ufuo, babu. Basi lililobadilishiwa njia. Halafu kuna paka wa Mjerumani mmoja, amepotea."

"Paka!" Mzee Fu aliweka kikombe chini. "Watu wanakaribia kutolewa vyombo nje, wewe unatafuta paka. Andika habari ya maji, tena iwe ya kwanza. Nimekuandalia."

Alimkabidhi karatasi nne zilizojaa mwandiko wake ulionyooka, zikianza na sifa za majira manne ya mwaka na wajibu wa mtu kwa jirani yake. Lanxi alizisoma zote, kwa sababu alilelewa vizuri, kisha akashika kalamu nyekundu.

"Babu, mpaka mgeni amalize utangulizi huu, maji yatakuwa yameshafika baharini."

Mistari sita tu ndiyo iliyobaki, na mchoro wa kisanduku cha kijivu kilichopo kwenye ngazi nje ya kila mlango, kikiwa na koki yenye mkono mwekundu na namba ya nyumba. Mzee Fu aliisoma mistari hiyo kama anayesahihisha mtihani, akafika wa mwisho, akakunja uso.

"Huu sikuuandika mimi. 'Ukiona maji yanatoka kwa jirani na hayupo, funga koki ya jirani.' Hii ni adabu gani? Mtu hagusi koki ya mwenzake bila ruhusa."

"Utabaki, babu. Wewe ni mkuu wa ngazi. Mkuu wa ukurasa ni mimi."

Mzee Fu alimrudishia karatasi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumjibu hivyo kwa miaka thelathini na minane, na ndani ya koti lake lililofungwa alijisikia mwenye fahari kubwa.

Siku ilipofika, alitoka nyumbani kwake, namba 501, saa mbili asubuhi. Alifunga mlango, akautikisa mara mbili kuhakikisha, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akaanza kuwapitia wageni wake mlango kwa mlango. Saa tatu kamili mabomba yakaanza kunguruma ukutani. Mzee Fu alikuwa ghorofa ya chini, kwa Everaldo, Mbrazili aliyefundisha watoto kandanda.

"Gusa na pale nyuma," alimwamuru. "Si kwa kidole, kwa kitambaa! Kidole kinadanganya."

"Nimegusa mara nne, Mwalimu. Hiki chuma sasa kitadhani nakitongoza."

Mzee Fu alikuwa ameinama akipitisha kitambaa mwenyewe, ndipo sauti ya Mama Luan ilipoteremka ngazi nzima.

"Mwalimuuu! Njoo uone wageni wako! Ni pale pale, 401!"

Alipanda ghorofa tatu bila kushika ukuta. Mlango wa 401 ulikuwa wazi, na Mama Luan amesimama kizingitini na fagio la kukaushia, uso umemwiva kwa ushindi. Katikati ya chumba palikuwa na beseni la kuogeshea mtoto, na maji yalikuwa yakidondoka ndani yake, to, to, to. Sakafu yote kulizunguka beseni ilikuwa imetandikwa nepi, mataulo na shuka. Nilufar alikuwa amepiga magoti, mtoto mgongoni, akikamua taulo.

Mzee Fu alitoa kitambaa chake, akapita kila chuma cha joto na kila kiungo, chumba hadi chumba. Kitambaa kilibaki kikavu. Akarudi, akalitazama beseni, na kutoka kwenye beseni akayainua macho taratibu hadi kwenye dari.

Miaka kumi na miwili, kila siku ya kujaza maji, yeye alizunguka na utepe, na mkewe alibaki nyumbani na kitambaa. Mkewe alikuwa amefariki mwezi wa Aprili. Tangu alfajiri Mzee Fu alikuwa amefikiria nyumba zote za ngazi ile, isipokuwa moja.

Farrukh akateremka kutoka juu mbio, mikono imejaa kutu.

"Babu, samahani sana. Niligonga mlango wako, niligonga mno, hukuwepo. Nimefunga koki yako. Nilijua si adabu, lakini gazeti lilisema..."

"Lilisema kweli," Mzee Fu alimkata.

Ule ushindi ulikuwa umemtoka Mama Luan usoni. Alitazama dari, akatazama beseni, akatazama ngazi iliyoteremka kwake, mahali ilipolala mifarishi sita mipya.

"Kwangu halijafika hata tone," alisema polepole, kama mtu anayejihesabia mwenyewe. Kisha akauliza, ingawa alijua: "Hiyo 501 ni ya nani vile?"

"Ni yangu."

Saa tisa alasiri uani palijaa. Mzee Fu alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa langoni. Lanxi alimshika kiwiko.

"Babu, kiungo kilikuwa kimechakaa tu. Kila mtu anaelewa."

"Kiungo kimechakaa, na mtu hakuwepo. Hayo ni mambo mawili, na la pili ni langu."

Akaandika kwa chaki, kwa herufi kubwa zilizolingana: Nyumba 501, Fu Jingzhai, ilivuja, hapakuwa na mtu. Akavua utepe mwekundu, akaukunja, akaushika mkononi.

Mama Luan akapita mbele, mikono kiunoni.

"Mnanijua. Mimi nikikosea huwa nabisha mpaka watu wachoke. Leo sibishi, maana ushahidi uko ndani ya beseni. Hawa wametandika nguo za mtoto wao sakafuni ili mifarishi yangu isilowe. Wenyeji tunaijua siku hii tangu kuzaliwa, na aliyesahau ni mwenyeji, tena Mwalimu! Ile hoja yangu naifuta. Nina nyingine: huyu kijana aliyesoma gazeti hadi mstari wa mwisho, yeye ndiye awe mkuu wa ngazi."

"Mimi?" Farrukh alishtuka. "Mama, mimi hata takataka huwa nakosea siku ya kuzitoa."

"Utafundishwa! Mikono juu!"

Kaya kumi na mbili, mikono kumi na miwili. Mzee wa 602 aliyekuwa amesinzia aliamshwa, akauliza ni habari gani, akanyoosha yote miwili. Hapo uani palilipuka. Everaldo alipiga mluzi wa uwanjani, Mama Luan akaleta sinia la vitonge vya unga vilivyojazwa samaki nguru, vya moto kutoka chunguni, na cha kwanza akakitia kinywani mwa Nilufar kwa mkono wake.

Mzee Fu aliufunga utepe kwenye mkono wa Farrukh yeye mwenyewe, akayanyoosha makunjo yake mpaka ukalala sawa. "Simama wima," alimwambia. "Sasa wewe ni wa hapa, na wa hapa hainamishi kichwa."

Alhamisi iliyofuata habari hiyo iliongoza ukurasa wa wageni, jina la Fu Jingzhai likiwamo, na kosa lake pia, bila kupunguzwa neno. Barua zilimfikia Lanxi kutoka kila upande wa jiji, za wageni walioketi nyumbani siku ile na vitambaa mikononi, na gazeti likampa ukurasa mmoja zaidi. Mzee Fu alinunua nakala kumi na mbili, akapeleka moja kila mlango, akisimama kizingitini mpaka aone mtu ameanza kusoma.

Basi nanyi vijana, wenyeji na wageni, mnaosoma kila kitu kwa nusu jicho huku mkitembea, sikilizeni. Tangazo likiletwa mlangoni, simameni mlisome hadi mstari wa mwisho. Jirani akivujiwa, fungeni koki kwanza, radhi mtaomba baadaye. Na mkikosa, andikeni majina yenu wenyewe, kwa mkono wenu, kwa herufi zinazosomeka. Sikusema jaribuni. Nimesema fanyeni.