Mwezi wa ng'ombe wa Kashindye

Bibi Kashindye alikuwa anauza mtindi pale Iyunga, kando ya barabara kuu, na kila ndoo yake kaichorea mwezi mchanga wenye mistari miwili tumboni. Hiyo ndiyo alama ya ng'ombe wao kule Usangu tangu enzi za baba mkwe. Ndama huchomwa nayo pajani. Mteja akiuona mwezi anajua mtindi haukutiwa maji.

Siku moja akaja kijana nadhifu, Liberatus, katumwa na kampuni ya sabuni. Sabuni yenyewe nayo ina mwezi na mistari miwili, inajulikana nchi nzima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kikombe kikubwa au kidogo?"

"Sikuja kunywa, bibi. Hiyo alama ni yetu, nakuomba uifute."

Kashindye akacheka mpaka akashika kiuno. "Kwenye ndoo nitafuta. Na ng'ombe je, niwachune?"

Lakini moyoni alishtuka. Ndoo isiyo na mwezi ni ndoo tu, kama za wauzaji wengine wote waliojipanga pale.

Liberatus akaeleza kwa adabu kwamba alama yao ina jina kubwa, watu watachanganya, watadhani mtindi umetoka kiwandani kwao.

"Basi tuwaulize wanaokunywa," bibi akasema.

Obeid wa bodaboda alikuwa na kikombe mdomoni. Kuulizwa kama mtindi ule ni wa watu wa sabuni, akakitazama, akakiweka chini polepole. "Kumbe ndiyo maana una povu?"

"Povu la kusukwa hilo, we Obeid. Kunywa."

"Bibi, ningejua ni wa sabuni ningenunua mimi?"

Watu hoi kwa kicheko. Mara akatokea jirani, Prisca, kipande cha sabuni yenye mwezi mkononi.

"Bibi, sabuni yako safari hii inawasha watoto. Umeweka nini?"

Liberatus nusura aruke. "Mmeona? Wanachanganya."

"Nani anachanganya?" Prisca akamgeukia. "Mwezi ni wa ng'ombe wa bibi. Ukimkuta ng'ombe mwenye mwezi unamrudisha kwa bibi, na sabuni yenye mwezi nayo ni ya bibi. Hapa wote tunajua ana kiwanda, anajifanya hana tu."

Liberatus akakaa kwenye kigoda. Atawaambiaje wakubwa zake kwamba watu wamechanganya kweli, ila kampuni wamempa bibi?

"Bibi," akasema mwishowe, "sisi alama tumeiandikisha kwa sabuni tu. Kwenye maziwa jina letu halifiki, nilikuwa nalivuta tu. Uza mtindi wako na mwezi wako. Ila sabuni usitengeneze."

"Nihangaike kutengeneza sabuni, na kiwanda ninacho?"

Akamjazia kikombe kikubwa. Kijana akanywa, povu likamganda kwenye sharubu. Kashindye akamsogezea Prisca kigoda cha pili.

"Kaa mwanangu. Huyu ndiye kijana wangu wa kiwandani. Mweleze hiyo habari ya kuwasha, taratibu, asisahau kitu."